Paris haikuanzishwa na Warumi
Kuna mwandishi anayedai kwamba Warumi ndio walioanzisha Paris, tena pale Île de la Cité, kisiwa kilicho katikati ya mto Seine. Si hivyo. Parisii, kabila la Kikelti, walikuwa bonde la mto Seine kabla ya Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, kufika, na jiji hadi leo linabeba jina lao. Caesar aliandika kweli kwamba Lutetia, mji wa Parisii, ilikuwa kisiwani, na kwamba mwaka 52 KK wenyeji waliichoma moto na kukata madaraja jeshi la Labienus, kamanda wake, lilipokaribia. Ila wachimbaji hawajakuta kisiwani tabaka la mji mkubwa wa wakati huo. Makazi makubwa ya Wakelti yalifukuliwa Nanterre, magharibi mwa Paris, wakati wa ujenzi wa barabara ya A86. Mji wa Kirumi ulijengwa hasa ng'ambo ya kusini, kwenye kilima cha Sainte-Geneviève ambako mafuriko hayafiki, na mtaa mkuu wake ndio rue Saint-Jacques ya sasa. Tatizo la kilima ni maji, kwa hiyo yaliletwa kwa mfereji wa kilomita 16 hivi kutoka upande wa Wissous, yakiteremka yenyewe bila kusukumwa. Wakelti nao hawakufutika: nguzo ya wasafirishaji wa mtoni, iliyofukuliwa chini ya Notre-Dame mwaka 1711, imechongwa Jupiter, mungu wa Kirumi, pamoja na Esus na Cernunnos, miungu ya Kikelti. Nguzo hiyo iko makumbusho ya Cluny, Paris; mliofika huko, mliiona?