Kichocho, kinga ya mwili na hofu ya kumeza dawa

Asubuhi mwaloni Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, akina mama husuuza masufuria maji yakiwafika magotini, watoto wakiogelea kando. Humo humo vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi. Siku hizi kuna hoja kwamba tukiwamaliza minyoo hawa tutajiletea maradhi ya mwili kujishambulia, yaani kinga kuugeukia mwili wake yenyewe, kama lupasi na kisukari aina ya kwanza.

Hoja hiyo siyo upuuzi. Kinga hufundwa kumjua mwenyeji. Seli T, askari wa kinga ndani ya damu, hupitia unyago wao katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Nyingi zinazozishika kwa nguvu molekuli za mwili wenyewe huuawa humo. Baadhi huponyoka. Mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba ziko seli nyingine zinazozituliza hizo zilizoponyoka. Panya waliozikosa, miili yao ilijishambulia. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya 2025. Mnyoo wa kichocho, anayeweza kukaa miaka ndani ya mishipa yetu ya damu, huzichochea seli tulizi hizo hizo ili aachwe aishi. Na tangu 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood aliona Nigeria kwamba baridi yabisi ya kujishambulia ilikuwa adimu kwa wagonjwa, akashuku vimelea.

Lakini utulivu huo una bei. Mayai ya mnyoo hunasa kwenye ini, kinga inayazingira, makovu yanajaa, damu inakosa njia. Tumbo lile kubwa tunaloliona kwa kijana wa mwaloni, sehemu kubwa ni kazi ya kinga yake mwenyewe. Mimi siwezi kumwita mlinzi mdudu anayemfikisha mtu kutapika damu.

Visiwani Koome, upande wa Uganda wa ziwa hili hili, watafiti walilinganisha vijiji vilivyopewa dawa za minyoo mara nyingi na vilivyopewa kwa ratiba ya kawaida. Baada ya miaka 3, kifua kutoa mlio kama wa pumu hakukuwa kumezidi kule kwenye dawa nyingi. Huo ni mzio, najua, na maradhi ya kujishambulia ni habari nyingine. Hata hivyo utafiti huo unapunguza hofu.

Kwa hiyo mtoto asimame kwenye fimbo ya kupimia urefu shuleni, ahesabiwe kwa urefu wake vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, ameze baada ya kula. Ujanja wa mnyoo wa kutuliza kinga tuutafute maabara, kwenye molekuli zake, bila kumwacha mnyoo mwenyewe tumboni mwa mtoto.