Pikipiki Kubwa ya Safari na Barabara ya Malindi

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikilipima jambo ambalo jirani zangu hapa Malindi wanaliona kuwa ni anasa tupu, nalo ni kununua pikipiki kubwa ya safari, ya aina ile iliyoundwa iende mbio na wakati huohuo ibebe watu wawili na mizigo yao kwa masafa marefu bila kuwachosha. Binamu yangu anayo BMW R 1250 RS anayotaka kuiuza kwa kuwa anahamia ng'ambo, na ameniahidi kwamba hataitangaza kwa mtu mwingine mpaka nimpe jibu. Fedha ninazo, nimezikusanya kidogo kidogo kwa miaka sita na hazina deni ndani yake. Nimeiendesha mara tatu hadi Mombasa na mara moja hadi Mokowe, panapovukiwa kwenda Lamu, na maoni niliyoyapata humo njiani ni haya: pikipiki hii inastahili kununuliwa kwa ajili ya breki zake, kinga yake ya upepo na utulivu wake, lakini anayeinunua kwa ajili ya mbio ananunua kitu ambacho barabara yetu haitampa nafasi ya kukitumia.

Injini yake ni ya CC 1254, yenye silinda mbili zilizolala moja kushoto na moja kulia, mpangilio unaoitwa boksa, na nguvu yake ni ya farasi 136. Tangi la lita 18 likijaa, uzito wake ni kilo 243. Bajaj Boxer ya 150, ambayo ndiyo inayolisha nyumba nyingi za mtaa wangu, ina farasi 12 hivi na silinda moja tu. Neno Boxer kwake ni jina la biashara, halina uhusiano na mpangilio wa injini, na naligusia hili kwa sababu limewachanganya watu wawili niliowauliza habari za spea.

Asili ya mashine za namna hii inaeleza uzuri wake na kasoro zake kwa pamoja. Mwaka 1976 BMW ilitoa R 100 RS, pikipiki ya kwanza ya kiwandani kuvikwa kava kamili ya kukata upepo, na umbo la kava hiyo lilitafutwa katika maabara ya upepo ya Pininfarina huko Italia. Kusudi lilikuwa mpanda pikipiki aweze kushikilia mwendo mkubwa kwa saa nyingi kwenye barabara kuu za Ujerumani, ambazo mpaka leo zina vipande visivyo na kikomo cha mwendo. Yamaha FJR1300 ya mwaka 2001, yenye silinda nne na tangi la lita 25, ilitokana na fikra hiyohiyo. Ni mashine zilizozaliwa kwenye lami pana isiyokatizwa, na sisi tunazileta mahali ambapo lami inapita katikati ya masoko, shule na misikiti.

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120. Katikati hapo kuna Gede, Matsangoni, Kilifi na Mtwapa, na baina ya miji hiyo kuna vituo vidogo visivyohesabika, kila kimoja na matuta yake, mengine yamefutika rangi kiasi kwamba mgeni huyatambua akiwa tayari yuko juu yake. Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na hata pasipokuwa na sheria, akili inataka hivyohivyo. Nimepima muda wangu kwa saa ya mkononi: kwa pikipiki yangu ya 150 nilitumia saa mbili na dakika thelathini na tano, na kwa R 1250 RS, siku ya Jumapili asubuhi, saa mbili na dakika kumi. Farasi zote zile zilinikomboa dakika ishirini na tano. Anayetaka kutumia mamilioni ya shilingi kununua dakika ishirini na tano, ni heri aondoke nyumbani mapema.

Hata hivyo, nilipofika Mombasa siku ile niliona tofauti ambayo saa haiwezi kuipima. Ilikuwa Julai, kusi limeshika, na anayeelekea kusini wakati huo hupokea upepo kifuani mwanzo wa safari mpaka mwisho. Nikiwa na pikipiki ndogo huteremka mikono ikiwa na ganzi, shingo imekakamaa, na masikio yanavuma hadi usiku. Safari hii nilishuka, nikavua helmeti, nikamsalimia mama yangu na kuketi kuzungumza naye kama niliyetoka mtaa wa pili. Uchovu wa barabarani ni hatari yenyewe. Mtu aliyechoka huchelewa kuliona lori, huchelewa kuliona tuta, na hushika breki akiwa amechelewa.

Breki ndizo zilizonifanya nianze kulifikiria jambo hili kwa dhati. Karibu na Matsangoni kijana wa bodaboda aliingia barabarani kutoka kwenye kichaka cha mikorosho bila kutazama, amebeba abiria wawili na gunia la mkaa. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 80 hivi. Nilibana breki zote kwa nguvu zangu zote, jambo ambalo kwa pikipiki yangu ya kila siku lingeifunga tairi ya nyuma na kunitupa, hasa kwa vile pembeni pale upepo humwaga mchanga juu ya lami. Nilisikia mkononi mtetemo wa haraka haraka wa ABS, mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge, ikiachia na kushika, achia na kushika, na pikipiki ikasimama wima, imenyooka, kama hatua nne nyuma ya lile gunia. Kijana aligeuka akaniinulia mkono kuomba radhi. Ulaya ABS imekuwa lazima tangu mwaka 2016 kwa aina mpya za pikipiki zinazozidi CC 125, na sioni ni kwa nini sisi, wenye mchanga na mbuzi barabarani, tuihesabu kuwa ni pambo la matajiri.

Kuna jambo la mke wangu pia, ambalo sijaliona likizungumzwa na wauzaji. Kwetu pwani wanawake wengi huketi ubavu kwenye bodaboda, na pindo la buibui likinaswa na cheni au spoku, ajali yake ni mbaya sana. R 1250 RS haina cheni. Nguvu hupelekwa kwenye gurudumu kwa shafti iliyofungwa ndani ya chuma, na gurudumu lenyewe ni la aloi, halina spoku nyembamba. Mke wangu huvaa suruali chini ya buibui, hulikunja pindo na kulikalia, na huketi kwa kupanda miguu pande zote mbili, kwa sababu kwenye mashine ya nguvu hii kuketi ubavu hakukubaliki hata kwa safari ya kwenda sokoni. Alisema kiti ni kizuri kuliko cha basi. Alisema pia kwamba joto la injini tukiwa kwenye msongamano wa Mtwapa lilimfikia kwenye vifundo vya miguu, na mimi lilinifikia zaidi.

Sasa nije kwenye yale yanayonifanya nisite, na la kwanza ni tairi. Mwaka jana tairi ya nyuma ya binamu yangu, ya kipimo cha 180/55 rimu ya 17, ilichanwa ubavuni na jiwe la matumbawe lenye makali kando ya lami. Tundu la katikati ya tairi isiyo na tyubu huzibwa kwa dakika kumi na safari ikaendelea, lakini ubavu ukichanika tairi haina tiba. Hapa Malindi haikupatikana, Mombasa haikupatikana, na duka moja la Nairobi lilimwambia asubiri siku tano. Alisubiri wiki tatu. Muda wote huo pikipiki yenye thamani ya nyumba ilikaa barazani imefunikwa leso mbili kuukuu, naye akienda kazini kwa bodaboda ya shilingi hamsini. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba bei ya pikipiki hizi ihesabiwe pamoja na jozi moja ya tairi za akiba iliyowekwa ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, mahali pasipopigwa na jua.

La pili ni chumvi, na hili wanaoishi bara hawalijui. Hewa yetu hula chuma mchana na usiku. Pikipiki ya thamani imejaa aluminiamu iliyofungwa kwa boliti za chuma, na metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu wa chumvi, moja huanza kuila nyingine. Boliti huganda ndani ya uzi wake, na siku ya kuifungua hukatika kichwa. Kwa Boxer ya Bajaj fundi hutoboa, akaweka boliti nyingine, na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Kwa mashine hii, boliti moja iliyokatika mahali pabaya inaweza kudai kipande kizima kutoka Ulaya, nacho kikifika bandarini kinadaiwa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Dawa ni kuiosha kwa maji baridi baada ya kila safari, kupaka grisi kwenye kila uzi unaofunguliwa, na kutoilaza nje.

Kutoilaza nje ndiko kulikonikwaza nilipokwenda Lamu. Barabara ya Malindi hadi Mokowe, takriban kilomita 220 kupitia Garsen na Witu, sasa ni ya lami, na penye uwazi baada ya Garsen ndipo pekee nilipoielewa mashine hii kama walivyoikusudia waliounda. Lakini ukifika Mokowe barabara inaishia gatini. Hakuna nahodha wa boti ambaye ningemwomba apakie kilo 243 za chuma, na hata angekubali, vichochoro vya Mji wa Kale si mahali pa mashine pana namna ile. Niliiacha usiku mbili kwenye ua wa mtu niliyefahamiana naye siku hiyohiyo, hatua chache kutoka majini, na sikulala vizuri. Mvua za mwishoni mwa mwaka 2023 ziliifunika barabara hiyo maeneo ya Gamba, na yeyote anayetaka kupita huko na mashine yenye umeme mwingi kiasi hiki na aufikirie msimu kabla ya kuondoka.

Kuhusu kuinunua ikiwa mpya, msimamo wangu ni mfupi: sikubaliani nalo. Huko Marekani bei yake ilikuwa ikianzia karibu dola 15,000, na hiyo ni kabla ya meli na kodi zetu. Anayelipa hivyo kwa mkopo, halafu akabaki hana fedha ya huduma ya kila kilomita 10,000, ataishia kuiegesha. Iliyotumika kwa uangalifu, yenye shafti na ABS, ikilipiwa fedha taslimu na bado ikabaki akiba ya matengenezo ya mwaka mzima, hiyo naiunga mkono, na naiunga mkono hasa kwa mtu mwenye safari ya kweli, kama mimi niliye na mama mgonjwa Mombasa ninayemwendea kila Jumapili. Kwa mtu ambaye safari yake ndefu ni Watamu na kurudi, Boxer inamtosha.

Fundi wangu wa mtaa wa Shela hapa Malindi, mzee ambaye amenitengenezea pikipiki tangu nikiwa mwanafunzi, alinisikiliza mpaka mwisho akaniambia, "Mwanangu, injini yake sina shaka nayo. Nataka kuona boliti zake." Gurudumu la nyuma la R 1250 RS limeshikwa na boliti tano tu. Nimekubaliana na binamu yangu ailete karakana Alhamisi asubuhi, mzee azifungue zote tano kwa mkono wake, kisha afungue za breki na za kava ya chini. Zikitoka nzima, tutakaa barazani tuzungumze bei.