Petroli isiguse kalipa

Inauma kuona kalipa, kile kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski ya breki, imefunguliwa vizuri, sili mpya (mipira ya duara inayoizunguka pistoni) zipo kwenye pakiti yake, halafu pembeni pana kopo la petroli la kuoshea. Mpira wa sili hizo umetengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. Hauvumilii petroli, dizeli, mafuta ya taa, oili ya injini wala grisi ya beringi. Ukikutana navyo unavimba na kulegea.

Na umbo la mpira huo ndilo linaloendesha breki. Wengi hudhani sili kuu kazi yake ni kuzuia mafuta yasivuje tu. Ukikanyaga breki, pistoni inasogea na mpira unapinda kuifuata. Ukiachia, mpira unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, chini ya milimita moja, pedi zikaiachia diski. Ndani ya kalipa nyingi hakuna springi ya kuirudisha. Mpira uliovimba hung'ang'ania pistoni: breki zinashika, rimu inachemka, pedi za gurudumu moja zinaisha mapema, kisha lawama zote zinaishia kwa muuza spea.

Petroli inatoa uchafu haraka, sikatai, na kwa chuma kitupu fanya utakavyo. Kalipa ina mfereji wa sili na tundu za mafuta ambamo petroli hubaki. Tumia spiriti, malizia na mafuta mapya ya breki.

Kazi yenyewe inafanyika nyumbani, gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake. Paipu ya breki isifunguliwe kwanza. Toa pedi, weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, mtu akanyage pedeli taratibu mpaka itoke. Ukitumia upepo wa kompresa, anza na kidogo sana na vidole viwe mbali, maana pistoni huruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

Sili ya zamani ing'oe kwa kijiti cha mbao au plastiki. Bisibisi hukwaruza mfereji. Hapo kwenye mfereji ndipo watu wanapoharakisha: kutu iliyojikusanya chini ya sili huisukuma nje, hivyo hata sili mpya itabana kama ile ya zamani. Kwa magari ya pwani, Tanga au Mombasa, kwangua kwa subira. Pistoni yenye vishimo vya kutu mahali sili inapopita nunua nyingine. Msasa unaondoa kromu tu.

Lowesha sili na pistoni kwa mafuta mapya ya breki, pitisha kidole mzunguko mzima uhakikishe sili haijajisokota, kisha sukuma pistoni kwa mikono. Ikikataa, imekaa upande. Itoe uanze upya, usiigonge nyundo. Pistoni za nyuma zenye hendibreki ndani huzungushwa kwa kifaa chake, hizo mpe fundi. Pini za kalipa zipake grisi ya silikoni, na washa za shaba za paipu ziwe mpya, zote mbili.

Wakati wa kufunga, nipeli ya kutolea upepo ielekee juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipeli hutazama chini na upepo hautoki hata utoe chupa tatu za mafuta. Pampu pedeli mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea, ikandamize dakika nzima, kisha chungulia kila kalipa kama pana unyevu.