Sikumpiga Mungu Mwereka

Kwa kuwa yule ninayekaa naye chumba kimoja hapa Athens ameshawatangazia kwamba "nimempiga mungu wa Wagiriki mwereka", nami niacheni niseme yangu kabla habari hazijamfikia mama kule Tanga.

Kwanza, sikumpiga. Nilimkumbatia. (Mama hili pia asilisikie.)

Mwalimu wetu hataki Oedipus, tamthilia ya Mgiriki wa kale Sophocles, ichezwe kama mchezo wa jioni tu. Anataka sherehe nzima ya Dionysus, mungu wa divai na maigizo, kama ilivyokuwa Athens karne ya 5 KK: sanamu ya mungu inaletwa ikae itazame, divai inamwagwa kwa tambiko, mayatima wa vita waliolelewa na mji wanapita na silaha zao, kuhani anakaa kiti cha mbele katikati. Kuhani wetu jana alikuwa mkuu wa idara. Mimi ni mzee wa Thebes, mji wa mfalme Oedipus unaoteketea kwa tauni, mmoja wa waimbaji 15, wa mwisho mstarini, kinyago usoni.

Kinyago chenyewe kitambaa kilichokaushwa kwa gundi. Jasho likashuka, nacho kikashuka, matundu ya macho yakahamia mashavuni. Giza.

Ubeti wa kwanza tunakwenda kulia, wa kujibu tunarudi kushoto. Wenzangu wakarudi. Mimi nikaendelea kulia, mikono juu, naombolezea tauni kwa sauti yangu yote. (Wewe unayecheka, ngoja.) Nikasikia wimbo unabaki nyuma. Nikanyoosha mkono polepole, nikagusa bega. Alhamdulillahi, mwenzangu huyu. Nikamnong'oneza, tena kwa Kiswahili, sijui kwa nini: "Kaka, nigeuze, sioni." Kimya. Nikamsubiri. Kimya. Nikamkumbatia kiunoni ili tugeuke pamoja.

Dionysus wetu ni wa mbao, lakini ndani mtupu. Alikuja mzimamzima. Tukaangukia wote wawili mapajani mwa kuhani, na kikombe chake cha divai kikamalizia tambiko kwenye joho lake jeupe.

"Samahani, kaka," nikaiambia sanamu. Watu wote wakasikia.

Basi: sanamu imekatika kidole, joho liko kwa dobi, mkuu wa idara haitikii salamu yangu. Na Oedipus, aliyefanya mazoezi mwezi mzima ya kutokea mwishoni akivuja damu machoni baada ya kujitoboa macho, alitokea watu bado wanafuta machozi ya kicheko.

Jumamosi tunarudia. Nimehamishiwa kwa mayatima: unabeba ngao, unapita, unakaa. Uso wazi.