Mshale Uliogoma Kushuka

Kwa wiki tatu nilikuwa na gari la ajabu kuliko yote Tabata. Naenda Posta narudi, mshale wa mafuta uko F, yaani tangi limejaa. Naenda Mbezi, uko F. Kijiweni nilishaanza kutoa darasa: siri ni kukanyaga taratibu na kubadilisha plagi mapema. Jamaa wawili walinunua plagi mpya kwa ushauri wangu.

Jumamosi nikampakia mama mkwe kwenda Kigamboni. Daraja lipo, ila yeye alitaka upepo wa bahari, basi tukaingia foleni ya pantoni pale Magogoni. Ndani nikazima injini. Tulipofika ng'ambo mlango ukashushwa, na mimi ndiye niliyekuwa mbele kabisa. Nikapiga ufunguo. Kwe-kwe-kwe. Nikarudia. Kwe-kwe.

"Baba Neema," mama mkwe akasema akiutazama mshale, "gari imeshiba hivi, mbona haiamki?"

Nyuma honi zimeshaanza. Wakajitokeza vijana watano na mzee mmoja aliyekunja kanzu, wakanisukuma kupanda ule mteremko, mama mkwe yumo ndani na kuku wake wawili, maana alikataa kushuka. Juu nikafungua boneti, nikachomoa plagi, nikakagua fyuzi ya pampu. Nusu saa nzima natafuta ugonjwa. Mwisho dogo wa bodaboda akaniambia, "Mzee, hebu tikisa gari usikilize." Tukatikisa. Kimya. Tangi kavu kama mtungi wa kiangazi.

Nikanunua lita 5. Ukiishiwa kabisa, usikimbilie kupiga starta: weka ufunguo kwenye ON sekunde mbili tatu, zima, rudia mara nne au tano, pampu ijaze paipu kwanza. Na usifanye mchezo wa kuishiwa, kwa sababu pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na hayohayo mafuta.

Kesho yake nikaamua kwamba sensa, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachopima mafuta, imekufa, nikaenda Kariakoo nikarudi na ya mtumba. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza rasmi, maana nilinunua kabla ya kupima. Nikainua siti ya nyuma, nikafungua kifuniko. Kawaida unatoa presha kwanza: unachomoa fyuzi ya pampu, unaacha injini ijizimie. Nikafanya hivyo, safari hii bila abiria wa pantoni kunitazama. Nikatoa waya wa hasi wa betri, nikafungua milango yote, nikazungusha ringi ya plastiki kwa kugonga na kipande cha mti, si patasi ya chuma, cheche hazina adabu. Nikafunga sensa na mpira mpya wa kuzuia mvuke.

Nikarudisha betri. Ufunguo ON. F.

Ndipo nikakumbuka kuichukua ile ya zamani na mita ya kupimia umeme. Sensa hii ni boya lenye mkono, na mkono unatambaza kijino juu ya kibao chenye ukinzani, yaani kinachobana umeme, na kipimo chake ni omu. Boya chini nikapata omu 108, juu omu 4, katikati namba inateleza bila kuruka. Yaani nzima kabisa! Nilikuwa nimemfukuza kazi asiye na kosa.

Kipimo cha kwanza kilipaswa kuwa cha bure. Kwenye gari langu omu chache ndiyo tangi kujaa, nyingi ndiyo kuisha. (Yapo yaliyopangwa kinyume, kwa hiyo pima boya lako kwanza.) Chomoa soketi ya sensa, weka ON, subiri dakika moja kwa sababu mishale mingine ni mivivu. Njia ikiwa wazi, mshale lazima ushuke E, yaani tangi tupu. Wangu ukabaki F na soketi nimeishika mkononi. Maana yake geji, yaani saa yenye ule mshale, inapata bodi (bati la gari, ambalo ndilo njia ya hasi) mahali pengine kabla ya kufika kwenye tangi. Fyuzi haikatiki, kwa sababu umeme huo unapita kwanza kwenye geji na geji inaubana.

Nikazima, nikachomoa na soketi ya nyuma ya dashibodi, nikapima waya wa sensa na bodi. Mita ilitakiwa isome njia imekatika. Ikasoma omu 0.8. Waya umelala kwenye bati.

Nikaanza kuufuata chini ya zulia, kando ya mlango wa kushoto, inchi kwa inchi, hadi siti ya abiria. Chini yake kuna amplifaya ya woofa. Amplifaya ina skrubu nne. Ya pembeni ilikuwa imepita zulia, ikapita katikati ya ule waya kama mshikaki, ikaishia kwenye bati la sakafu. Na fundi aliyeifunga, wiki tatu kamili zilizopita, akipiga mluzi, ni mimi. Mama mkwe alivuka bahari akiwa amekalia ugonjwa wenyewe.

Nikatoa skrubu, mita ikaruka kuwa wazi. Nikakata pale palipochunwa, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikavalisha mpira wa kusinyaa kwa moto, nikahamisha amplifaya. Soketi zote zikarudi, ON: mshale ukashuka polepole mpaka karibu na E, taa ya njano ikawaka. Sijawahi kuifurahia taa kiasi kile.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alikuwa anarudi kwake. Nikamfungulia mlango, nikamwonyesha mshale uko nusu, nikamweleza habari ya omu. Alinisikiliza vizuri sana.

"Hongera, baba," akasema, akaita bajaji.