Kampuni inalipa, chuo kinachunguza: nani anachagua swali?

Kila ikitangazwa kwamba kampuni kubwa imemwaga hela chuo kikuu kwa ajili ya risechi ya umeme safi watu wanagawanyika hapohapo, hawa wanapiga makofi, wale wanasema maprofesa wameshanunuliwa. Mi naona ishu iko kwingine.

Chukua Stanford. Mwaka 2002 kampuni ya mafuta ExxonMobil, General Electric, Toyota na Schlumberger (hawa wanahudumia visima vya mafuta) waliahidi dola milioni 225 kwa mradi wa miaka kumi wa nishati na tabianchi. Hela hiyo sio ya kuchezea, maabara bila vifaa ni darasa tu. Ila sio lazima mtu adanganye ndio mambo yapinde. Ukimlipa mtafiti aangalie namna ya kunasa kaboni kwenye bomba la moshi ataifanya kazi hiyo kwa uaminifu wote na majibu yake yatakuwa ya kweli kabisa, sema lile swali la kama bomba lenyewe bado linahitajika linakosa wa kuliuliza, maana halina bajeti.

Sasa wanaotaka vyuo vikae mbali kabisa na viwanda, hapo ndio wananipoteza. Angalia PERC, aina ya seli ya sola, yaani kile kipande cha paneli kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Ilitoka UNSW, Chuo Kikuu cha New South Wales kule Sydney, Australia, kwa Martin Green na wenzake, na 1989 waliripoti ufanisi wa asilimia 22.8. Ujanja wake ni tabaka jembamba mgongoni mwa seli, linapunguza elektroni zinazopotea huko nyuma na kuurudisha ndani mwanga uliokuwa unatoroka. Kitu kizuri, halafu kikakaa zaidi ya miaka 20 ndio viwanda vikaanza kukitoa kwa wingi, kwa sababu maabara inatengeneza kaseli kamoja kwa mikono ya fundi saa wakati kiwanda kinataka mamilioni, haraka, kwa bei ya chini, na shida za namna hiyo huzimalizi ubaoni, unazimalizia kwenye mashine. Bila viwanda ingebaki makala ya kusomwa na maprofesa wenzao.

Na ujuzi wenyewe mara nyingi unatembea kwa miguu. Shi Zhengrong alisomea PhD yake hapohapo UNSW chini ya Green, akarudi China, 2001 akaanzisha Suntech, kampuni ya sola, na paneli zikaanza kumwagika sokoni. Mwanafunzi ndiye anayebeba ujuzi, ndio maana mkataba unaompa mfadhili kura ya turufu juu ya tasnifu ya mwanafunzi mi siukubali hata hela iwe kiasi gani. Kusubiri miezi michache patenti (haki ya kumiliki uvumbuzi) iandikishwe kwanza, sawa, hiyo inavumilika.

Patenti nazo bana. Kuna wanaosema chuo kuziwinda ni tamaa. Mwaka 1980 John Goodenough na timu yake walikuwa Oxford, wakagundua kathodi (ncha chanya ya betri) ya lithiamu na kobalti, chuo hakikutaka kuihangaikia patenti. 1991 Sony wakaingiza sokoni betri za lithiamu, zenye kathodi ya aina hiyo, na ndugu zake leo ndio zinatunza umeme wa sola hadi usiku. Goodenough alipata Nobel 2019 akiwa na miaka 97, mrabaha, yaani malipo ya uvumbuzi wake, hakuuona. Oxford sijui huwa wanaipigia hesabu hiyo kama hasara au kama sifa.