Bomba likihama, hatari nayo huhama

"Tunalisogeza tu." Ndivyo mradi wa kuhamisha bomba la gesi asilia unavyoelezwa karibu kila mara. Barabara inapanuliwa, bomba lipishe. Mto umekula ukingo na chuma kimeanza kuonekana, basi lipelekwe juu kidogo. Kilima kinatelemka, nyumba zimeota pande zote mbili za mkuza, yaani ule ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba, bwawa linajengwa. Sababu ni nyingi, na nyingine ni nzito kweli: bomba lililoachwa kwenye mteremko unaoporomoka linatisha kuliko lililohamishwa. Sina ugomvi na kuhamisha. Ugomvi wangu ni na hilo neno "tu", kwa sababu likishatamkwa, tathmini ya athari kwa mazingira inafanywa juujuu, muda wa maoni unabanwa, na watu wa njia mpya wanapata habari vigingi vikiwa vimeshapigwa mashambani mwao.

Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, bomba la gesi la inchi 30 lilipasuka chini ya mtaa wa makazi mjini San Bruno, California. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Zilipita dakika 95 kabla ya kufunga gesi iliyokuwa ikiulisha moto ule. Wengi wanaikumbuka kama ajali ya bomba chakavu. Lakini wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani walipoifukua historia yake, walikuta kwamba kipande kilichopasuka kiliwekwa mwaka 1956, katika kazi ya kuhamisha bomba. Ardhi ilikuwa inasawazishwa ili zijengwe nyumba, bomba likatakiwa kupisha. Pale palipopasuka paliungwa kwa vipande vifupi vifupi, na mshono wa urefu wa kipande kimojawapo, pale chuma kilichokunjwa kinapoungwa kuwa bomba, haukuchomelewa mpaka ndani. Kumbukumbu za kampuni zilionyesha kuwa bomba hilo halina mshono wa urefu kabisa.

Miaka 54 karatasi ilisema hivi na chuma kilichofukiwa kilikuwa vile. Katika kutaja chanzo cha ajali, bodi ilianza na usimamizi mbovu wa ubora wa kazi ile ya 1956. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuhamisha mita mia kadhaa si jambo la kuwasumbulia watu vichwa, mimi nauona mtaa ule.

Kuhamisha bomba ni kazi mbili ndani ya jina moja. Kuna bomba jipya linaloingia mahali ambapo halikuwepo, na kuna la zamani linaloachwa. Sheria ya Gesi Asilia ya Marekani, ya mwaka 1938, inalitambua hilo waziwazi: kujenga bomba la kuvusha gesi kutoka jimbo hadi jimbo kunahitaji cheti, na kuacha kulitumia kunahitaji idhini yake ya peke yake. Vyote viwili hutolewa na Tume ya Shirikisho ya Udhibiti wa Nishati. Kabla ya kuamua, tume inafungwa na sheria ya sera ya mazingira ambayo Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 1 Januari 1970. Sheria hiyo haimlazimishi mwamuzi kuchagua njia yenye madhara machache kuliko zote. Inamlazimisha ayatazame madhara kabla hajaamua. Hapo ndipo nguvu ya maoni ya wananchi ilipo: kile ambacho hakuna aliyekitaja kwenye jalada ni rahisi kupita bila kutazamwa.

Na kuna njia ya mkato. Miradi ambayo gharama yake haizidi kiwango kilichowekwa inaweza kupita chini ya kibali cha jumla ambacho kampuni inacho tayari. Mingine inatangazwa, halafu zinahesabiwa siku 60. Asipotokea mtu wa kupinga, kazi inaendelea. Siku 60 zinaonekana nyingi mpaka uwe mtu ambaye barua imemfikia siku ya ishirini, imeandikwa kisheria, ina ramani ndogo isiyo na jina la kijito chochote unachokijua.

Wanaoishi kando ya njia mpya wanastahili kuambiwa namba moja kabla ya zote: ni umbali gani kutoka kwenye bomba ambapo mlipuko unaweza kuua? Inakokotolewa. Kanuni za usalama za Marekani zinatumia hesabu inayochukua kipenyo cha bomba na shinikizo la gesi. Bomba la inchi 30 lenye shinikizo la paundi 1,000 kwa inchi ya mraba linapata nusu kipenyo cha futi 650 hivi, yaani karibu mita 200 kila upande. Mkuza wenyewe huwa mwembamba mno ukilinganisha na hapo. Fidia inaishia kwenye mpaka wa mkuza, na mara nyingi barua inawafikia wenye ardhi na wale wa jirani kabisa. Mpangaji anayelala mita 150 kutoka kwenye valvu hana ardhi ya kulipwa, na kwa hiyo ni rahisi asihesabiwe. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kupokea maoni: wanatafutwa wenye hati, wakati moto hausomi hati.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha maoni cha mradi wa namna hii. Mezani palikuwa na ramani ndefu, kingo zake zimebanwa kwa chupa za maji. Njia ya zamani ilikuwa ya kijivu, mpya ilikuwa nyekundu. Mama mmoja wa makamo aliinuka, akaufuata ule mstari mwekundu kwa kidole mpaka kwenye kona moja, akakiacha kidole papo hapo.

"Kijana," alimwambia mtaalamu, "hapa chini kuna kisima changu. Mlipochimba mashimo yenu ya kupima udongo, maji yalitoka na tope siku tatu."

Yule kijana alimsikiliza kwa adabu, hilo nampa. "Tumelipokea, mama," akajibu, akaandika. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuona daftari lake. Aliandika maneno mawili: *wasiwasi, maji*.

Kisima, kona ya ramani, mashimo ya udongo, siku tatu, vyote viliishia mdomoni mwa yule mama. Rasimu ya ripoti ilipotolewa, nilikuta sentensi isemayo kwamba baadhi ya wakazi walionyesha wasiwasi kuhusu ubora wa maji na kwamba mradi utazingatia taratibu bora. Hakuna aliyedanganya. Ila wasiwasi hujibiwa kwa kutulizwa, na kisima hujibiwa kwa kupimwa. Alichosema yule mama kilikuwa ushahidi, kikageuzwa kuwa hisia.

Nikafungua viambatisho, na hapo ndipo ninapomshauri kila mtu aanzie, maana mambo mengi yamelala huko nyuma. Jedwali la visima lilikuwa na visima 7. Cha yule mama hakikuwemo. Orodha ilikuwa imetolewa kwenye daftari la visima vilivyosajiliwa, na chake kilichimbwa kwa mikono na baba mkwe wake kabla usajili haujaanza. Kanuni za Marekani zinamtaka mwombaji aonyeshe visima na chemchemi zinazojulikana zilizo ndani ya futi 150 kutoka eneo la ujenzi. Mzigo wote umebebwa na hilo neno "zinazojulikana". Zinajulikana na nani? Watu wa eneo wanazijua chemchemi zao zote, hata ile inayotoka wiki mbili tu baada ya mvua kubwa. Wasipoulizwa, au wakiulizwa na jibu lao likaandikwa kwa maneno mawili, basi hazijulikani.

Maji ni mahali pa kukaza macho pia kwa sababu ya namna bomba linavyovushwa mito. Siku hizi mara nyingi wanachoronga chini ya mto badala ya kuukata kwa mtaro, na kwa kawaida hilo ni jambo jema. Lakini uchorongaji unasukuma tope la udongo laini ndani ya tundu kwa nguvu, na tope hilo likipata ufa linapanda juu. Aprili 2017, katika ujenzi wa bomba la Rover huko Ohio, galoni zipatazo milioni 2 za tope la kuchorongea zilimwagika kwenye ardhi oevu karibu na mto Tuscarawas. Mwezi uliofuata tume ilisimamisha uchorongaji mpya wa mradi huo. Mradi ule ulikuwa umepitia tathmini kamili, si ile fupi. Ndiyo maana ripoti ikisema "mto utavukwa kwa kuchorongwa" naona hapo ndipo maswali yanapoanza: mwamba wa chini una nyufa? Nani atasimama juu kuangalia tope likitokea, usiku na mchana? Likitokea, kazi itasimama baada ya muda gani?

Bomba la zamani halisemewi sana. Mara nyingi linatolewa gesi, linazibwa ncha na kuachwa ardhini, kwa sababu kulifukua kunaharibu ardhi upya. Wakati mwingine huo ni uamuzi mzuri. Lakini chuma kitaoza, na bomba tupu lenye kutu linaweza kubomoka au kugeuka mfereji wa maji ya chini kwa chini. Baadhi ya mabomba ya zamani yalifunikwa kwa gamba lenye asbesto. Mwenye shamba anastahili kujua kwa maandishi: linabaki la nani? Miaka 30 ijayo, trekta likizama, nani anapigiwa simu? Halafu kuna gesi iliyokuwa ndani wakati wa kuunganisha jipya na la zamani. Ikiachwa ipae, ni metheni, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 ukilinganisha na uzito uleule wa kaboni dioksidi. Inawezekana kuisukumia kwenye bomba jirani kabla ya kufungua. Ripoti isiyosema ni gesi kiasi gani itaachiwa hewani haijakamilika, na mtu yeyote anaweza kuandika sentensi moja ya kuidai hesabu hiyo.

Kutoa maoni peke yake, kwa mfumo wa tume ile ya Marekani, hakukupi haki ya kuupinga uamuzi baadaye. Anayetaka kuomba uamuzi usikilizwe upya ni lazima awe aliomba kuwa mhusika wa shauri, na anapewa siku 30 tangu uamuzi utoke. Hatua hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Nimeona watu waliozungumza vizuri sana kikaoni wakagundua wamechelewa kitu ambacho hakuna aliyewaeleza. Tangazo linaloomba maoni bila kuieleza tofauti hiyo kwa lugha ya kawaida halimtendei haki msomaji wake.

Na maoni yawe juu ya kitu ambacho watu wamekisoma. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Taifa la Mazingira nchini Kenya, linaloamua mashauri ya mazingira, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano ilifanyika, lakini mikutano ya utambulisho iliyofanyika kabla ya utafiti haiwezi kusimama badala ya kuwapa watu matokeo ya utafiti na kuwasikiliza juu yake. Kule ni makaa ya mawe, huku ni gesi, lakini hoja ni ileile. Kuitisha watu, kuwagawia maji, kuwaonyesha picha nzuri na kuwapitishia karatasi ya mahudhurio hakujawa kuwashirikisha.

Kampuni zitasema, na zina haki ya kusema, kwamba ukichelewesha kuhamisha bomba lililoning'inia ukingoni mwa mto unaongeza hatari. Kweli. Basi wawaite watu mapema, wakati kuna njia tatu mezani na hakuna iliyochorwa kwa nyekundu. Kinachochelewesha miradi hii mara nyingi ni jambo ambalo mtu wa pale angelisema siku ya kwanza.

Yule mama tulikaa naye jioni moja kibarazani kwake. Alitaka kuandika kwamba mradi hauwajali watu. Nilimwomba tuanze na kamba ya kupimia. Tulipima kutoka kwenye kigingi chenye kitambaa chekundu mpaka kwenye mdomo wa kisima, mara mbili, mjukuu wake ameshika ncha ya pili. Tukaandika umbali, kina, mwaka kilipochimbwa, idadi ya watu wanaochota, tarehe za zile siku tatu za tope, na ombi moja: maji yapimwe kabla ya ujenzi na baada yake, na majibu apewe yeye mkononi. Juu tukaweka namba ya jalada. Ukurasa mmoja, haukujaa.

Ripoti ya mwisho ilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye viambatisho. Jedwali la visima lilikuwa na mistari 8. Wa mwisho ulisema: kisima cha kuchimbwa kwa mikono, hakijasajiliwa, mita 38, kitapimwa.